Mota ya Droni Inalia, Inachemka au Imekwama: Tafuta Chanzo Kabla Hujarusha Juu ya Ziwa

Msimu wa harusi ukiisha, meza yangu hapa Mwanza hujaa droni. Wenye nazo ni wapiga picha, wapima viwanja, na siku hizi vijana wanaokagua vizimba vya samaki. "Fundi, inalia." "Fundi, inavuta kushoto." "Jana ilikuwa nzima kabisa." Wakishamaliza kueleza, swali la pili huwa lilelile: kwani mota ya droni inadumu saa ngapi?

Nianze na hilo. Mota ziko za aina mbili. Zile ndogo za brashi, nyembamba kama kidole cha mtoto, hukaa kwenye droni za kuchezea. Brashi zake husuguana mpaka zikaisha, na mota hufa baada ya saa chache za kuruka. Haina matengenezo, ni kubadilisha tu. Nyingine ni zisizo na brashi, na ndizo zilizo kwenye droni yoyote ya kazi. Ndani yake vitu vinavyosuguana ni beringi basi, kwa kawaida mbili. Shaba haiishi kwa kuzunguka, wala sumaku. Mota ya namna hiyo ikitunzwa hufika mamia ya saa, na betri ya dakika 25 ukiirusha mara 100 umetimiza karibu saa 42 tu.

Ila nimefungua mota za saa 15 zilizokwisha kabisa, na za saa 300 zinazoteleza kama zimetoka boksini leo. Kinachozitofautisha ni pale zinapopaa na kutua. Mawe yetu ya itale yakimomonyoka hutoa mchanga wenye chembe kali, na propela ikianza kuzunguka juu ya mchanga huo huunyanyua na kuumwaga ndani ya mota. Ukiniuliza droni yako ina umri gani, nitakuuliza wewe unairushia wapi.

Kabla ya kufungua mota au kuizungusha kwa mkono: toa betri, kisha toa propela zote. Usiseme "nazungusha kidogo tu". Propela ya inchi 5 hukata kidole mpaka mfupani, na za droni za shambani ni hatari zaidi ya hapo.

Inalia: mkwaruzo, mluzi, au sauti ya kusaga

Asubuhi moja nilikuwa Igombe narekodi vizimba. Mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu akaniita.

"Mwanangu, nyuki wako leo anakohoa."

"Shikamoo mzee. Hapana, yuko mzima huyu, nimempima jana."

"Marahaba. Mimi nimesikiliza injini za mitumbwi tangu ujana wangu. Huyo anakohoa."

Nikaishusha kwa heshima tu. Nikatoa betri na propela, nikazungusha mota moja moja kwa kidole. Tatu zilikwenda kwa mshikoshiko ule wa kawaida wa sumaku, kama saa ya ukutani. Ya nne, ya nyuma kulia, ilikuwa na kitu kingine katikati ya mishiko, kama wali wenye changarawe chini ya jino. Mzee hakuniangalia hata usoni, aliendelea na sindano yake.

Kipimo chenyewe ni hicho. Mota zisizo na brashi nyingi hukatakata zikizungushwa kwa mkono, na hilo si ugonjwa. Ugonjwa ni mkwaruzo ulio kati ya mkato na mkato, au mota moja kusimama mapema kuliko wenzake ukizipiga zote kwa nguvu ileile. Usiipime peke yake, linganisha zote nne.

Visababishi, kuanzia ninachokutana nacho zaidi:

Cha kwanza ni mchanga ndani ya kofia, sehemu ya mota inayozunguka. Mulika tochi kwa pembeni. Mara nyingi utaona chembe nyeusi zimeganda kwenye sumaku. Ule ni mchanga wenye chuma, hata ukipuliza kwa mdomo hautoki. Viringisha utepe wa kubandika, gundi ikae nje, uupitishe kwenye nafasi mpaka utoke safi. Kinachobaki, kitoe kwa mswaki laini. Tafadhali usipeleke droni kwa jirani mwenye kompresa ya kujazia matairi. Upepo ule huingiza chembe ndani ya beringi na kuizungusha kavu kwa kasi ya ajabu, na nimepokea mota zilizouawa hivyo zikiwa safi kwa nje.

Cha pili ni uzi wa nyavu. Kwenye mwalo wowote, uzi wa nailoni uko kila mahali chini, mwembamba kama unywele. Droni ikitua juu yake, uzi hujisokota kwenye shafti chini ya kofia, joto likaulainisha, ukawa kama plastiki iliyoyeyuka. Mwanzoni mota hutoa mluzi, baadaye hukwama. Ukiona ncha ya uzi, usiivute kwa nguvu. Fungua kofia uukate kwa wembe.

Cha tatu ni beringi kukauka au kuchakaa. Tone moja la mafuta mepesi ya cherehani kwenye kila beringi, zungusha, futa yaliyozidi. Mlio ukiondoka na kurudi baada ya safari mbili tatu, mafuta yalikuwa panadol tu, beringi imeshakwisha. Zile dawa za kupuliza za kulegeza nati zilizoshika kutu usizitumie hapa. Zinaosha grisi yote iliyomo na baada ya siku mbili beringi inakuwa kavu kuliko mwanzo.

Mwisho, na si mara nyingi, ni sumaku iliyobanduka gundi na kusogea, au shafti iliyopinda baada ya kuanguka. Shika kofia uitikise kushoto na kulia, haitakiwi kucheza. Kupanda na kushuka kwa kiasi cha unene wa karatasi nene ni kawaida kwa mota nyingi. Kisha izungushe ukiitazama kwa pembeni: nafasi kati ya kofia na kiini cha ndani kisichozunguka ikipanuka na kupungua, kuna kitu kimepinda. Hakinyooshwi kwa nyundo, badilisha.

Kubadilisha beringi kunawezekana kwenye mota zenye klipu au skrubu chini ya shafti. Soma namba iliyoandikwa ubavuni mwa beringi. Kwenye mota nyingi za droni za inchi 5 utakuta 684, yaani tundu milimita 4, upana wa nje 9, unene 4. Nyingine hutumia 693, ambayo ni 3 kwa 8 kwa 4. Kwa wauza vipuri vya bodaboda usihangaike, hawana saizi hizo. Fungua juu ya kitambaa cheupe, maana ile klipu ikiruka huioni tena, na ukirudisha kofia shikilia vizuri: sumaku huivuta kwa ghafla na kukubana ngozi. Ikiwa mota moja imeliwa na mchanga, tatu zilizobaki zimekula mchanga uleule. Wakati huo huo zisafishe zote.

Mota moja inachemka kuliko wenzake

Rusha, isimame hewani dakika tatu, ishushe, toa betri, gusa zote nne kwa mgongo wa kidole. Joto la kukuwezesha kuacha kidole ukahesabu mpaka tano halina neno. Kinachokuhusu zaidi ni tofauti, maana mpangilio wake unakuonyesha pa kutazama.

Za mbele mbili zimechemka kuliko za nyuma? Uzito uko mbele. Umefunga taa, au betri imekaa mbele mno. Mbili za mshazari, mfano mbele kushoto na nyuma kulia? Mkono mmoja wa droni, ule unaobeba mota, umepinda au mota imekaa upande. Mota za mshazari huzunguka uelekeo mmoja, kwa hiyo fremu ikijisokota kidogo, droni hulazimisha jozi hiyo ifanye kazi zaidi ili isigeuke. Watu wengi hubadilisha mota mbili nzima kwa kosa la mkono uliopinda.

Ikiwa ni moja pekee, anza na propela: iliyopasuka, au ya mkono mwingine iliyowekwa kimakosa. Halafu beringi, kama nilivyoeleza juu. Halafu ndiyo koili, zile nyaya za shaba zilizosukwa ndani ya mota. Mulika ndani. Shaba nzima ina rangi ya asali au nyekundu. Ikiwa sehemu moja imekuwa nyeusi na ina harufu ya vanishi iliyoungua, usirushe tena. Wapo mafundi wa kusuka mota za pampu ambao watakuambia wanaweza kuisuka upya. Kwa pampu nawaamini, ila kwa mota ya ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda, nunua nyingine.

Joto lenyewe nalo huchakaza. Sumaku za neodimiamu za daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu moja kwa moja zikipita nyuzi 80 hivi. Zenye alama H huvumilia mpaka 120 na SH mpaka 150. Mota iliyopoteza sumaku haikwami wala hailii. Inazunguka haraka lakini haina nguvu, inakula betri, na inazidi kuchemka. Ukiona dakika zako za kuruka zimepungua huku betri ni mpya, ifikirie.

Jambo moja watu waliotoka Dar hulisahau. Ziwa liko mita kama 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Propela ile ile inabidi izunguke kasi zaidi kwa kama asilimia 5 ili kubeba mzigo uleule. Kwa hiyo mota zote nne kuwa na joto kidogo kuliko ulivyozoea pwani si ugonjwa. Punguza mzigo, au usiikimbize mchana wa jua kali.

Inashtuka-shtuka, inagoma kuzunguka

Mota inatikisika mbele nyuma kama mtu mwenye baridi, inatoa sauti, haianzi. Kwa mota ya nyaya tatu, tisa katika kumi huwa ni waya mmoja kati ya hizo tatu kukosa mguso: lahamu imeachia, au waya umekatikia ndani ya mkono pale unapokunjwa. Vuta kila waya taratibu. Angalia lahamu: inayong'aa na kushika vizuri ni nzima, yenye ufa wa mviringo ilehemu upya.

Nyaya zikiwa nzima, unabaki na mshukiwa kati ya mota na kidhibiti chake cha umeme, kile mafundi tunachokiita ESC. Usibahatishe. Hamisha mota hiyo kwenye kidhibiti cha mkono wa jirani. Ugonjwa ukihama nayo, mota ndiyo mbovu. Ukibaki mkono uleule, ni kidhibiti. Nimeona kijana akinunua mota tatu mfululizo kabla ya kufanya jaribio hili la dakika kumi.

Kipimo kingine, nyaya zikiwa zimetolewa kwenye kidhibiti: zungusha kwa kidole, iwe huru. Ikiwa nzito kuliko wenzake hata bila kuunganishwa na kitu, koili zimegusana ndani. Ikiwa ilikuwa nzito na imekuwa huru baada ya kutoa nyaya, kidhibiti ndicho kimeungua. Sasa gusanisha nyaya mbili mbili kwa zamu na uzungushe kila mara. Utasikia mota inavutwa, na mvuto uwe sawa kwa jozi zote tatu. Jozi isiyovuta ina koili iliyokatika. Nasisitiza njia hii kwa sababu multimita za bei ya kawaida hazikusaidii hapo: ukinzani wa koili hizi mara nyingi ni sehemu ndogo sana ya omu moja, na nzima na mbovu zote zitasoma karibu sifuri.

Multimita itumie kwa kitu kingine. Iweke kwenye mlio, ncha moja kwenye waya wowote wa mota, nyingine kwenye shafti au skrubu ya mota. Ikilia, koili imegusa mwili wa mota.

Hapo ndipo ninapokumbuka aibu yangu. Nilibadilisha mkono wa droni ya mteja, mkono mpya ukiwa mwembamba kuliko wa zamani, nikarudisha skrubu zilezile. Zilikuwa ndefu kwa milimita mbili. Zikapita kwenye tundu, zikaingia kwenye koili. Niliwasha mezani, sekunde kama kumi moshi ukatoka, na kidhibiti kikaenda pamoja na mota. Mteja amekaa pale pale kwenye stuli. Siku hizi kabla ya kukaza natazama kwa tochi ncha ya skrubu inaishia wapi, na nikishakaza napiga kipimo cha mlio. Nililipa vyote viwili.

Simama hapo kama droni yako ni ile ya kukunja, yenye kamera ya gharama na nyaya bapa nyembamba kama karatasi zinazopita kwenye bawaba. Mota zake nyingi zimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi kuu, na kosa moja la chuma cha kulehemu linaondoka na bodi. Kama bado ina dhamana usiifungue kabisa. Droni za kunyunyizia mashamba nazo, mimi mwenyewe sizitengenezi, nazielekeza kwa waliofunzwa kwa aina hiyo.

Video inacheza kama uji, au mwili unatetemeka

Karibu kila mara ni propela, si mota. Zibadilishe kwanza kabla hujalaumu chochote. Mipasuko midogo kwenye ncha, na msimu ule wadudu wa ziwani wanapoinuka kama moshi, mabaki yao hukauka kwenye ukingo wa propela na kuiondolea mizani. Futa kwa kitambaa chenye maji. Skrubu za mota zilizolegea ndizo zinazofuata. Ikishindikana, washa mezani bila propela, mwendo mdogo, shika kila mkono kwa vidole viwili: unaotetemeka ndio wenye kofia iliyopinda au beringi iliyokwisha.

Imetumbukia ziwani

Ziwa letu ni la maji baridi, na hiyo ni nusu ya bahati. Chumvi ya bahari ingekula kila kitu kwa siku chache. Mota yenyewe huvumilia maji, koili zimepakwa vanishi. Wasiovumilia ni betri, bodi na beringi.

Toa betri hapo hapo, na usiwashe "kuona kama bado inafanya". Betri iliyozama usiichaji tena, hata ikionekana nzima. Iweke nje, mbali na nyumba na vitu vinavyoshika moto. Ikivimba au ikiwa ya moto, kaa mbali nayo, haina fundi hiyo. Suuza mota kwa maji safi kutoa tope, kisha kwa spiriti, acha droni ikauke kivulini penye upepo kwa siku mbili. Siyo juu ya jiwe la jua la saa saba. Vikombe vidogo vya chuma vinavyofunika beringi huzuia vumbi, havizuii maji, kwa hiyo tia mafuta mara tu ikikauka. Baada ya wiki zungusha tena kwa kidole. Kutu ya beringi huchelewa kujitokeza, na droni nyingi zilizookolewa ziwani huanguka mara ya pili wiki ya tatu kwa sababu hiyo. Bodi iliyozama ikiwa na madoa ya kijani au meupe, ipeleke kwa fundi wa elektroniki mwenye darubini.

Kabla ya kuirudisha kazini

Mwaka 2018 droni za majaribio zilikuwa zikipeleka dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika kama 40, karibu safari nzima juu ya maji. Wewe ukikagua kizimba kilicho mita 300 kutoka nchi kavu, shida ni ileile. Droni ya mota nne ikipoteza moja huzunguka kama pia na kuanguka. Ya mota sita ina nafasi ya kurudi.

Kwa hiyo mota iliyotengenezwa nairusha kwanza juu ya nyasi, mbali na watu, mbali na eneo la uwanja wa ndege kule Ilemela, na kwa kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kama kwa safari nyingine yoyote. Nalaza turubai dogo chini ili isipae kwenye mchanga. Dakika tatu hewani, ishuke, nne zote zipimwe joto kwa kidole. Betri nyingine kamili, joto tena, halafu mzunguko wa kidole bila propela, nikisikiliza ile changarawe. Naandika tarehe na dakika kwenye daftari, kwa kila mota jina lake: MK, MS, NK, NS, mbele kulia mpaka nyuma kushoto.

Baada ya betri tatu zisizo na tofauti, inakwenda juu ya maji. Ikiwa mota moja bado inazidi wenzake joto na nimeshabadilisha propela, beringi na mkono, naibadilisha hiyo mota nzima hata kama sijajua sababu.